Beseni Tupu Asubuhi ya Ipdong

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya majaruba ya mpunga ya kijiji cha Neutgol, na Tak Pan-seok amepiga magoti ndani ya mfereji usio na maji. Mikono imezama topeni mpaka viwikoni. Anaongea peke yake.

"Tokeni basi. Najua mmo humo. Msinifanyie hivi leo, nawaomba."

Anang'oa bonge la tope, analipasua kwa vidole gumba, analichungulia, analitupa kando. Hakuna kitu. Anang'oa jingine. Barafu nyembamba imeshika majani ya ukingoni, na pua yake imekuwa nyekundu kama pilipili zinazoanikwa juu ya mabati ya majirani.

Anachotafuta ni samaki wa tope, wale wadogo wenye visharubu, wembamba kama kidole, ambao maji yakiondoka mashambani hujizika chini ya mifereji. Kesho ni Ipdong, siku ambayo kalenda ya wakulima inafungua mlango wa baridi. Kesho wazee wote wa Neutgol watakaa chini, waandaliwe supu ya samaki hao. Na supu hiyo, tangu enzi, ni kazi ya nyumba ya Tak.

Mkewe, Seol Mi-ran, amesimama ukingoni na chupa ya chai ya shayiri.

"Baba Hae-jin, toka humo. Utapata homa ya mapafu, halafu niwauguze wawili."

"Subiri kidogo."

"Tangu jana ni kidogo, kidogo. Mjini wamejaa mapipa! Unanunua, unawamimina kwenye ndoo, unapita hapa ujipake tope usoni, unakwenda zako. Nani atajua?"

"Mama atajua."

"Mama huyo huyo anayesema kimchi ina ladha ya gazeti?"

"Atajua tu."

Mi-ran anacheka kwa hasira, anaweka chupa chini, anavaa buti na kushuka mferejini na jembe. Miaka thelathini na kitu ya ndoa imemfundisha kwamba mumewe akishashika neno hapo ndipo pamekwisha.

Pan-seok ana miaka sitini na mmoja, na ndiye mlinzi wa maji wa Neutgol. Kuanzia kupanda mpunga hadi mavuno, kila tone linaloingia shambani limepita mkononi mwake. Anafungua lango la juu linalotoa maji bwawani, anafunga, anazibua majani. Anaamua ugomvi wa majirani wawili wanaogombea zamu, anatukanwa na wote wawili, anarudi nyumbani kula. Kwa kazi hiyo analipwa won milioni moja na laki mbili kwa mwezi, na maji yakikoma mshahara nao unakoma. Baridi nzima yeye na Mi-ran huishi kwa kumenya matunda ya persimoni na kuyatundika yakauke.

"Kazi ya maji ni kazi ya lawama," anasema. "Yakiwa mengi, ni mimi. Yakiwa machache, ni mimi. Mvua isiponyesha, eti Tak amelala."

Mwaka huu lawama anajipa mwenyewe. Mwenye mashine ya kuvuna alimwomba afunge lango la juu mapema kuliko kawaida ili ardhi ikauke na magurudumu yasizame. Akakubali, maana alikuwa amechoka kubishana. Halafu vuli nzima mvua ikagoma. Mifereji ya udongo ikakauka, tope likapasuka, na samaki wakapotea pasipo mtu kujua kama wamekufa au wamezama chini zaidi.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Zamani kila nyumba ya Neutgol ilileta kitu siku ya Ipdong kwa ajili ya wazee: huyu mchele, yule kuku, mwenye ng'ombe nyama. Baba yake Pan-seok hakuwa na kitu. Aliingia mferejini, akatoka na ndoo ya samaki wa tope, akapika supu amejificha nyuma ya ghala kwa aibu. Wazee wakaacha kuku, wakamaliza sufuria yake. Tangu mwaka ule hakuna Ipdong iliyopita bila supu hiyo, na mzee Tak alipofariki upawa ukahamia kwa mwanawe.

Lakini mwaka huu kuna kubwa zaidi ya desturi, na kubwa hilo ni Mama.

Mama huyu hakumzaa. Mama mzazi wa Pan-seok alifariki siku chache baada ya kujifungua. Jirani, aliyekuwa na binti mchanga, alimchukua yule mtoto wa watu akampa titi la pili. Jirani huyo leo ana miaka tisini na minne. Wanawake wa hapa huitwa kwa kijiji au mji walikotoka wakati wa kuolewa, kwa hiyo yeye ni Bibi wa Sunchang, na sidhani kama hata nusu ya kijiji wanalijua jina lake lenyewe.

"Binti yake analia, mimi nalia, yeye yuko katikati," anasimulia Pan-seok. "Mpaka leo huyo dada yangu akipiga simu kutoka Busan ananiambia, wewe ulininyang'anya maziwa, ndiyo maana mimi mfupi."

Mwanzoni mwa vuli Bibi wa Sunchang aliugua mapafu. Kifua kilipona, akarudishwa nyumbani, lakini hamu ya chakula ilibaki hospitalini. Vijiko viwili vya uji, basi, anageukia ukutani. Kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ladha ya gazeti. Samaki ladha ya gazeti. Hata asali! Kisha akaanza kusema maneno ambayo watu hawapendi kuyasikia, kwamba theluji ya mwaka huu hataiona, na kwamba nguo yake ya kuzikiwa iko kwenye kabati la kushoto, msije mkapekua la kulia mkavuruga vitu.

Mwanawe mkubwa, Bae Chung-il, aliyestaafu ukarani wa kampuni moja ya mabasi Seoul, alikuja, akaishika mikono ya mama yake iliyobaki mifupa, akatoka nje na kusimama muda mrefu akitazama choo. Kisha akamwita Pan-seok.

"Mdogo wangu, hawezi kuivuka baridi peke yake humu ndani, tena hataki kula. Nimemshikia kitanda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, karibu na kwangu. Siku ya Ipdong nakuja kumchukua."

Mama hakupiga kelele. Aliuma ufizi wake, akasema jambo moja tu: "Nitakunywa kwanza supu ya Ipdong. Samaki wa kufugwa msiniletee, wananuka plastiki. Nataka wa mferejini kwetu. Nayo ikinishinda, basi, nibebeni mnipeleke mnakotaka."

Sasa unajua kwa nini mtu mzima anawabembeleza samaki topeni.

Ilikuwa alasiri walipopatikana. Mi-ran alikuwa amefika kwenye kona ya shamba la akina Bae, pale ambapo rundo la mabua ya mpunga lilikuwa limeoza na kuhifadhi unyevu chini yake. Alipiga jembe mara moja, akapiga ukelele.

"Baba Hae-jin! Huku! Huku kunatikisika!"

Walikuwa wamejikunja humo kama kamba za viatu, wanene, wa rangi ya dhahabu tumboni. Hawakuwa wengi. Wangetosha sufuria moja kwa kubanabana. Pan-seok alikaa palepale topeni, akacheka mpaka Mi-ran akamwambia anyamaze, majirani watasema amerukwa na akili.

Waliwapeleka nyumba ya wazee, ile nyumba ndefu katikati ya kijiji ambako wazee hushinda. Wakawaweka barazani kwenye beseni jekundu lenye maji safi, maana samaki hawa lazima walale wakitapika tope, la sivyo supu inakuwa mchanga mtupu. Pan-seok akafunika beseni kwa wavu, akalitazama, akaenda kulala. Anasema hakuwahi kulala vizuri hivyo tangu mavuno.

Sasa sikiliza kilichotokea asubuhi.

Bibi wa Hadong ana miaka themanini na sita. Ni rafiki wa Bibi wa Sunchang tangu wote wawili wakiwa maharusi wa kuogopa mama wakwe. Magoti yake yameisha, kwa hiyo husukuma kigari cha zamani cha mtoto mchanga badala ya mkongojo, na kila asubuhi ndiye wa kwanza kufika nyumba ya wazee kuwasha moto wa kupasha sakafu. Ni mtu wa ibada, hekalu halimkosi. Na hekalu lilikuwa limetangaza kwamba asubuhi ya Ipdong wataleta samaki hai pale nyumba ya wazee, ili wazee wawaachie majini kwa kuomba baraka. Ukikomboa roho, roho yako nayo inaongezewa. Ndivyo watu wa hapa wanavyoamini, na Bibi wa Hadong anaamini kuliko wote.

Akafika barazani. Akaona beseni. Akaona samaki.

"Nikasema, loo, mwaka huu hekalu limewahi!" alisimulia baadaye huku amejifunika uso kwa kitambaa. "Nikasema nikiwasubiri wenzangu watachelewa, na Chung-il anakuja na gari lake. Ngoja nimwombee mwenzangu kabla hawajamchukua."

Akawahamishia samaki kwenye ndoo, ndoo akaipakia kwenye kigari, kigari akakisukuma mpaka mfereji mkubwa. Akawaachia kiganja kwa kiganja, na kwa kila kiganja akalitaja jina la rafiki yake, lile jina lenyewe ambalo wengine tumelisahau. Kisha akarudi, akaliosha beseni vizuri, akaligeuza likauke.

Pan-seok alipofika na chumvi na majani ya maboga ya kusugulia utelezi, alimkuta amekaa karibu na beseni hilo, uso umenawiri.

"Bibi, samaki wako wapi?"

"Samaki gani, mwanangu?"

"Waliokuwa humu."

"Aa, hao! Wameshakwenda zao. Nimewaachia huru, wote nimewatuma kwa ajili ya Sunchang. Ungewaona walivyofurahi!"

Pan-seok alitaka kukaa barazani, akaikosa baraza, akakaa chini penye barafu. Mi-ran aliyekuwa nyuma yake na sufuria ndiye aliyepiga ukelele.

"Bibi! Hao walikuwa supu!"

"Supu gani?"

"Supu ya Ipdong! Ya Bibi wa Sunchang!"

Bibi wa Hadong aliushika mpini wa kigari kwa mikono miwili.

"Nimemwua mwenzangu," alisema. "Nimemwombea, nikamwua."

Na kama vile hayo hayatoshi, gari la Chung-il likapita mbele yao likielekea nyumbani kwa mama yake. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mto na blanketi, vimeshatandikwa.

"Nilikasirika mpaka meno yakauma," anakiri Pan-seok. "Lakini utamgombeza vipi? Yeye kaamka na baridi ile kwa ajili ya mama yangu. Mimi nimeamka kwa ajili ya mama yangu. Tumegongana mlangoni."

Mi-ran alikuwa ameanza kusema kwamba labda wakimbie mjini, Mama atasamehe, mara Pan-seok akainua kichwa.

"Bibi, umewamwaga wapi hasa?"

"Mfereji mkubwa. Pale penye ngazi."

"Ule wa saruji?"

"Huo huo. Mimi magoti yangu yatanifikisha wapi pengine?"

Pan-seok akajipiga paja. Mfereji wa saruji ni laini kama sahani, hauna tope la samaki kujizika. Akiingia humo, anashuka na maji tu. Na maji yote ya mfereji ule yanaishia kwenye lango la chini, kabla ya mto. Kila mwaka, Ipdong ikikaribia, mlinzi wa maji hulifunga lango hilo ili maji ya chemchemi yajikusanye na wanawake wapate pa kuoshea tope la kabichi za kimchi ya baridi. Pan-seok alikuwa amelifunga juzi, kwa mkono wake.

"Mama Hae-jin! Wavu na ndoo!"

Wakatimua mbio. Ukimwona mtu wa miaka sitini na mmoja anakimbia na buti za mpira kijijini asubuhi, unadhani kuna msiba. Ndivyo alivyodhani Chung-il, aliyekuwa anashuka garini. Aliacha mlango wazi akakimbia nyuma yao na viatu vyake vya mjini, akiita, "Kuna nini? Mama yuko wapi? Kuna nini?"

Langoni maji yalikuwa yamejaa, yametulia, majani ya kabichi yakielea juu. Pan-seok akaingia na nguo zake zote, akachovya wavu chini ya majani, akauinua taratibu.

"Wamo!" alipiga kelele. "Mi-ran, wamo! Mungu wangu, wamo!"

Alilibusu lile lango la chuma. Mi-ran anaapa kwamba alilibusu, Pan-seok anakana, na mimi namwamini Mi-ran.

"Kaka, usisimame hivyo, shika ndoo!"

Chung-il alishika ndoo, viatu vya mjini vikateleza, akaingia majini mpaka kiunoni. Alipoinuka alikuwa na samaki mmoja mkononi, na alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu mama yake augue.

Walikuwa wanamalizia kuchota wakasikia magurudumu. Kigari cha mtoto kilikuwa kinakuja ukingoni, na nyuma yake Bibi wa Hadong, machozi yanamtiririka.

"Acheni! Acheni hapo hapo! Aliyeachiwa huru haliwi. Nimeshatoa neno langu."

"Bibi, lakini ni supu ya..."

"Najua ni ya nani! Unadhani sijui? Lakini nimeapa juu yao. Nikiwarudisha sufuriani, dua yote itamgeukia yeye."

Akaisogelea ndoo, akatandaza mikono mbele yake. Mwanamke wa umri ule humsukumi, na hoja yake huifanyii mzaha. Ukitazama vizuri, watu wote wanne pale walikuwa wanampigania mtu mmoja, na wote walikuwa wamekwama.

"Twendeni tukamuulize mwenyewe," alisema Mi-ran mwishowe.

Wakaingia chumbani kwa Bibi wa Sunchang, mmoja amelowa mpaka kiunoni, mmoja mpaka shingoni, ndoo wakaiweka katikati ya sakafu. Bibi alikuwa amelala ubavu, ameshavalishwa koti la safari na jirani. Akawatazama, akaitazama ndoo. Bibi wa Hadong akasimulia yote kwa kilio, beseni, hekalu, dua, kiganja kwa kiganja.

"Sasa tulia, Hadong," alisema yule mgonjwa. "Ulipowaachia, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia waende wakuletee afya."

"Na sasa wako wapi?"

"Si hawa hapa."

"Basi wamekuja kama ulivyowatuma. Mbona unawafungia mlango?"

Bibi wa Hadong akajifuta machozi kwa kitambaa.

"Na dhambi?"

"Dhambi nitabeba mimi. Niko karibu kwenda kuulizwa."

"Nyamaza wewe! Usinitajie hayo!"

"Haya, tubebe nusu kwa nusu. Tangu lini wewe ukanisaidia mzigo mzima?"

Bibi wa Hadong alimpiga kofi la begani, wakaanza kucheka wote wawili, yule kwa machozi, huyu kwa kikohozi. Chung-il anasema hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu kiangazi.

Samaki wa hekalu walifika baadaye kidogo, kwa utulivu kabisa, kwenye mfuko wenye maji. Pan-seok alimpakia Bibi wa Hadong kwenye trekta yake ndogo, akampeleka yeye na samaki mpaka mtoni, ng'ambo ya lango. "Safari hii nilihakikisha," anasema.

Mi-ran hakupoteza muda. Chumvi ikamwagwa juu ya samaki wa mferejini, kifuniko kikakandamizwa kwa mikono miwili mpaka vurugu ndani ikatulia. Wakasuguliwa kwa majani ya maboga, wakachemshwa, wakasagwa kwenye chujio mpaka mifupa ikabaki peke yake. Majani makavu ya kabichi, soya iliyochachushwa, kitunguu saumu, unga wa mbegu za perila. Saa sita harufu ilikuwa imefika mpaka kwenye banda la ng'ombe.

Pan-seok alimbeba Mama mgongoni kutoka kwake mpaka nyumba ya wazee. Alipoulizwa baadaye alikuwa mzito kiasi gani, alisema, "Mwepesi."

Wazee walishakaa. Hapa mdogo hashiki kijiko kabla ya mkubwa, na mkubwa kuliko wote chumbani alikuwa Bibi wa Sunchang. Bakuli la kwanza likawekwa mbele yake. Wakati mwingine wowote wangekuwa wanapiga soga na kutaniana. Siku hiyo watu ishirini na zaidi waliweka mikono mapajani, wakamtazama bibi mmoja.

Akachota. Akapuliza. Akatia mdomoni. Akameza, kisha akakiweka kijiko chini.

Chung-il aliinamisha kichwa. Bibi wa Hadong alifumba macho, midomo ikitembea. "Nilisikia moyo ukishuka mpaka kwenye buti," anasema Pan-seok.

"Nani amepika hii?" aliuliza Bibi wa Sunchang.

"Sisi, Mama."

"Chopi iko wapi?"

Mi-ran akajifanya anapanga mabakuli.

"Nauliza chopi iko wapi! Supu ya samaki wa tope bila chopi? Mmeniona mtoto mchanga?"

Chopi ni ule unga mkali unaotia ganzi ulimi. Mi-ran alikuwa ameuficha makusudi, akihofia kifua cha mgonjwa. Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Mtu alipiga meza, mwingine alimwaga kinywaji chake cha mchele. Mi-ran alikimbia jikoni akarudi na kopo, na Bibi akamimina mpaka Bibi wa Hadong, aliyekaa pembeni, akapiga chafya tatu.

Kisha akala. Alikula polepole, akichagua majani, akinyonya kijiko. Katikati aliomba wali, akautumbukiza wote kwenye supu. Wengine wakaanza kula, lakini jicho moja la kila mtu lilikuwa kwake, mpaka aliposhika bakuli kwa mikono miwili na kulimalizia kwa kulinywa.

Chung-il alisema anakwenda nje kuvuta sigara. Havuti sigara. Alirudi macho mekundu na simu mkononi, akamwambia Pan-seok kwa sauti ya chini kwamba kile kitanda amekiachia, wampe mwingine.

Pakaamuliwa palepale, mabakuli hayajaondolewa. Baridi hii Bibi wa Sunchang hatalala peke yake. Atalala nyumba ya wazee pamoja na wajane wengine watano, sakafu moja ya moto, na Mi-ran atapita asubuhi na jioni. Chung-il atakuja kila mwisho wa mwezi. Bibi wa Hadong alishavuta godoro lake karibu na la mwenzake.

"Lazima nimlinde," alieleza. "Huyu huiba blanketi tangu zamani."

Pan-seok alikuwa anasugua sufuria nje aliposikia anaitwa. Aliingia akifuta mikono kwenye suruali.

"Ndiyo, Mama."

"Mwakani ongeza samaki. Nimekula bakuli moja kwa sababu nimeona mmebana. Mwakani nataka mawili. Na hiyo chopi iwekwe mezani mapema."

Pan-seok akasema sawa. Akatoka nje, akaenda nyuma ya ghala, palepale baba yake alipojifichia na sufuria yake ya aibu, akalia kama mtoto. Hakuona haya kuniambia, kwa hiyo nami sioni haya kuandika. Mtu aliyeonyesha kabati lenye nguo za kuzikiwa alikuwa sasa anatoa oda ya mwakani.

Siku mbili baadaye nilimkuta kwenye kona ya shamba lake, amefunga kamba kwenye vijiti vinne. Hapo zamani baba yake alikuwa na kidimbwi ambacho hakikuwahi kukauka, na samaki wa tope walikikimbilia kila vuli. Pan-seok mwenyewe alikifukia ili mashine ya kuvuna ipate pa kugeukia. Sasa anakichimba upya. Mashine itageukia kwingine, anasema, na asiyependa akatukane, yeye ameshazoea.

Nilimuuliza kama haoni baridi imeshaingia, udongo mgumu, kwa nini asingoje majira ya joto.

"Ningoje?" Alitema mate viganjani, akashika jembe. "Mama ana miaka tisini na minne na ameniagiza mabakuli mawili. Yeye anangojea kitu?"